Piza, Mali ya Mafukara wa Napoli

Mwaka 997, katika mji wa bandari wa Gaeta ulioko kati ya Roma na Napoli, iliandikwa hati ya kukodisha kinu cha kusagia nafaka. Mpangaji alitakiwa, pamoja na mengine, kumpelekea askofu piza 12 kila Krismasi, na bega la nguruwe juu yake, kisha piza nyingine 12 kila Pasaka pamoja na jozi ya kuku. Hakuna karatasi ya kale zaidi inayojulikana yenye kutaja piza. Hati hiyo inamtaja askofu, inataja kinu na inataja sikukuu za kulipa. Aliyekanda unga na kuutia tanurini haimtaji. Mtindo huo umeendelea kwa miaka elfu moja: walaji wakubwa na wenye makampuni huandikwa majina, wapishi husahaulika. Kwa hiyo nitajaribu kuisimulia historia hii kwa kuwafuata watu wa chini, kwa kadiri walivyoacha alama.

Piza ya Gaeta haikuwa na nyanya, kwa kuwa wakati huo Ulaya nzima haikuwa na nyanya hata moja. Ulikuwa mkate bapa, wa jamii ya mikate ambayo watu wa pande zote za Mediterania wameioka tangu enzi za kale, wakiipaka mafuta ya zeituni, wakiinyunyizia chumvi, vitunguu au majani yenye harufu nzuri. Mwaka 2023 wachimbuaji wa Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvio mwaka 79, walifukua mchoro wa ukutani unaoonyesha mkate wa aina hiyo juu ya sinia ya fedha, una matunda juu yake na kikombe cha divai kando. Magazeti yalishangilia kwamba piza ya Warumi imepatikana. Wataalamu wa Pompeii wenyewe walisema kwa uangalifu zaidi: si piza, ni babu yake wa mbali.

Nyanya ilitoka Amerika. Wahispania waliivusha bahari katika karne ya 16, na mwaka 1544 tabibu wa Kiitalia, Pietro Andrea Mattioli, akaiandika kitabuni miongoni mwa mimea ya dawa. Muda mrefu watu waliiogopa. Iko ukoo mmoja na mimea yenye sumu, na matajiri wengi wa Ulaya waliipanda bustanini kama ua la kutazama tu. Napoli ilikuwa na hali tofauti. Mji huo ulitawaliwa na Hispania kwa karne mbili, tangu 1503 hadi 1707, na vitu vya Amerika vilipita humo mapema. Antonio Latini, msimamizi wa jiko la mkubwa mmoja wa Napoli, alichapisha miaka ya 1690 kitabu cha upishi chenye mchuzi wa nyanya kwa mtindo wa Kihispania. Halafu kuna udongo. Chini ya Vesuvio ardhi ni ya majivu ya volkano, ina rutuba ajabu, na nyanya iliyopandwa hapo ilikua kwa wingi na ikashuka bei. Mtu asiye na uwezo wa kununua nyama alipata kitu chekundu, chenye uchachu na utamu, cha kuuamshia mkate wake.

Napoli ya karne ya 18 ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Ulaya. Mwishoni mwa karne hiyo ilikuwa na watu wapatao 400,000, waliobanana katika vichochoro vyembamba na nyumba za ghorofa zisizoingia jua. Wengi wao hawakuwa na kazi ya kudumu: walibeba mizigo bandarini, walivua samaki, walitumwa huku na kule, walilala popote. Wageni waliwaita lazzaroni, na wakawaandika kwa mchanganyiko wa dharau na udadisi. Watu hawa hawakuwa na jiko. Wengine hawakuwa na hata chumba. Walihitaji chakula cha moto kinachoshibisha, kinacholiwa kwa mkono bila sahani, na kinachouzwa kwa kiasi cha sarafu iliyomo mfukoni siku hiyo.

Piza ilikidhi yote hayo. Tanuri la kuni likishawaka vizuri huoka piza moja kwa dakika moja au mbili tu, basi kuni kidogo zililisha watu wengi. Mchuuzi alizipanga piza katika kasha la bati, akaliweka kichwani, akaingia nalo mitaani akinadi. Ukitaka kipande kikubwa unakatiwa kikubwa, ukitaka kidogo unakatiwa kidogo. Kisu chake ndicho kilichokuwa mizani. Mnunuzi alikikunja na kukila akitembea. Zilikuwapo piza za mafuta ya nguruwe, chumvi na vitunguu saumu, za jibini na rihani, za dagaa wadogo wabichi, na hizo za nyanya.

Mwandishi Mfaransa Alexandre Dumas, yule wa *The Three Musketeers*, alikaa Napoli miaka ya 1830 na mwaka 1843 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo, *Le Corricolo*. Humo anaeleza kwamba mafukara wa Napoli walikula piza wakati wa baridi na tikitimaji wakati wa joto. Kilichomvutia zaidi ni kwamba bei ya piza ilimwambia mtu hali ya soko zima. Samaki wakivuliwa kwa wingi, piza ya samaki hushuka bei. Zeituni zikiharibika shambani, piza ya mafuta hupanda. Kuna jambo moja Dumas alilisikia vibaya. Aliambiwa kuhusu piza ya siku nane, akadhani ni piza iliyokaa wiki nzima tangu kuokwa. Kumbe ulikuwa mkopo: mtu anakula leo, analipa baada ya siku nane. Mchuuzi wa piza aliwakopesha watu ambao hakuna benki ingewafungulia mlango. Kwangu mimi, mkopo huo unaueleza mji wa Napoli kuliko kurasa nyingi za wasafiri, maana unaonyesha kuaminiana kati ya maskini na maskini, juu ya kitu kidogo kama kifungua kinywa.

Wasafiri wengine hawakuwa na huruma hata kidogo. Samuel Morse, Mmarekani aliyekuja kupata sifa kwa telegrafu, aliiona piza Napoli mwaka 1831 na akaiandika kuwa chakula cha kutia kichefuchefu. Waitalia wa kaskazini walikuwa wakali vilevile. Carlo Collodi, aliyemwumba Pinocchio, aliandika mwaka 1886 katika kitabu cha watoto wa shule kwamba piza ni mchanganyiko wa uchafu unaolingana na uchafu wa anayeiuza. Watoto wa Italia mpya, iliyounganishwa mwaka 1861, walifundishwa kumdharau mchuuzi wa Napoli pamoja na chakula chake.

Aliyeandika kwa kuijua hali kutoka ndani ni mwandishi wa habari Matilde Serao. Kitabu chake *Il ventre di Napoli* kilitoka mwaka 1884, mwaka ambao kipindupindu kiliua maelfu ya watu mjini humo. Wanasiasa wa Roma walisema Napoli ibomolewe vichochoro vyake. Serao akawajibu kwamba hawaijui: hawajui watu wanalala wapi, wanalipwa nini, wanakula nini. Katika kueleza wanachokula akaielezea piza ya kipande cha soldo moja, sarafu ndogo, chakula cha asubuhi cha watu wengi. Akasimulia pia habari ya Mnapoli mmoja mwenye mtaji aliyefungua duka la piza Roma. Mwanzoni Wanapoli waliokuwa wakiishi Roma walimiminika, halafu wakapungua, duka likafa. Serao alidhani piza ikitolewa Napoli hupoteza maisha yake. Katika hilo alikosea, lakini hakuna mtu wa wakati wake ambaye angeweza kubashiri vingine.

Hapa ndipo anapoingia malkia. Karibu kila kitabu cha mapishi duniani kinasimulia kwamba Juni 1889 Mfalme Umberto wa Kwanza na Malkia Margherita walizuru Napoli, malkia akachoshwa na vyakula vya Kifaransa vya ikulu, akaitwa mpishi wa piza Raffaele Esposito. Esposito akatengeneza piza tatu. Malkia akaipenda ile ya nyanya nyekundu, jibini nyeupe ya mozzarella na rihani ya kijani, rangi za bendera ya Italia, na Esposito akaipa jina la malkia. Barua ya shukrani ya tarehe 11 Juni 1889, iliyotiwa saini na Camillo Galli wa ikulu, imetundikwa hadi leo katika duka la Brandi jijini humo.

Hadithi ni nzuri, na Wanapoli wanaipenda. Lakini mwanahistoria Zachary Nowak aliichunguza barua hiyo na kuhitimisha kwamba muhuri wake hauafikiani na mihuri halisi ya ikulu, na kwamba huenda iliandikwa baadaye sana ili kulikuza duka. Hata tukiiamini barua, bado malkia hana alichoanzisha. Katikati ya karne ya 19, miongo mitatu hivi kabla ya ziara hiyo, mwandishi Emanuele Rocco alikwisha kuziandika piza za Napoli zenye rihani na vipande vyembamba vya mozzarella, na nyanya zikiwa miongoni mwa vitu ambavyo mteja angeweza kuongezewa. Watu wasiojulikana majina walikwisha kuziunganisha ladha hizo vichochoroni. Ikulu ilichofanya, kama ilifanya, ni kukipa heshima chakula kilichokuwa kinadharauliwa, na heshima hiyo haikuivusha piza nje ya mji. Miaka 50 baada ya barua, Mwitalia wa Milano au Torino aliweza kuzeeka bila kuonja piza.

Kilichoivusha ni njaa. Kati ya 1880 na 1920 zaidi ya Waitalia milioni 4 waliingia Marekani, walio wengi wakitoka kusini: Napoli na vijiji vyake, Calabria, Sicilia. Waliondoka kwa sababu ya kodi, ardhi iliyochoka na mashamba makubwa ya mabwanyenye wasioishi huko. Walifika New York, wakachimba njia za treni za chini ya ardhi, wakashona nguo viwandani, wakapanga vyumba watu wanane kwa pamoja. Waokaji walikuwa miongoni mwao.

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba duka la kwanza la piza Marekani ni la Gennaro Lombardi, Spring Street, New York, mwaka 1905. Utafiti wa karibuni wa Peter Regas umeonyesha kwamba mwokaji mwingine, Filippo Milone, alikuwa akifungua maduka ya piza mjini humo kabla ya hapo, likiwamo hilo la Spring Street lenyewe, na kwamba Lombardi alilichukua baadaye. Milone alifariki bila kusifiwa na mtu. Nalitaja jina lake kwa makusudi.

Kuni zilikuwa ghali New York, kwa hiyo waokaji walitumia makaa ya mawe, na tanuri la makaa likabadilisha chakula. Joto lake kavu lilitoa mkate mgumu kidogo pembeni, uliobabuka vidoadoa vyeusi. Maziwa ya nyati hayakuwapo, ikatumika mozzarella ya ng'ombe. Nyama ilikuwa rahisi kuliko Italia, ikaja soseji nyekundu ya pilipili iitwayo pepperoni, ambayo Mwitalia wa Italia haijui, kwani ilizaliwa Marekani. Piza ikakua upana, kwa sababu mshahara wa kibarua wa New York, mdogo kama ulivyokuwa, ulinunua unga mwingi kuliko wa Napoli. Mwaka 1924 Anthony Pero, aliyekuwa akifanya kazi kwa Lombardi, alifungua duka lake Coney Island. Mwaka 1925 Frank Pepe, mhamiaji kutoka Maiori kwenye pwani ya Amalfi, alifungua lake New Haven. Hadi hapo, waliokula piza walikuwa karibu wote Waitalia wenyewe na majirani zao.

Vita vya Pili vya Dunia vilibomoa ukuta huo. Oktoba 1943 majeshi ya Marekani na Uingereza yaliingia Napoli, mji uliopigwa mabomu, uliokosa maji na chakula. Askari walikaa Italia miaka miwili na wengi wao walirudi nyumbani wakiwa na hamu ya vyakula walivyoonja. Mwaka huohuo wa 1943, Chicago, Ike Sewell na Ric Riccardo walifungua duka la piza nene inayookwa ndani ya sufuria ya kina, yenye jibini chini na nyanya juu. Detroit, mji wa viwanda vya magari, piza ya mstatili ilianza kuokwa mwaka 1946 ndani ya trei za chuma ambazo, kwa masimulizi ya wenyeji, zilitoka viwandani. Na baada ya vita yakaenea matanuri ya gesi. Hili wengi hulipita haraka, lakini ndilo lililofungua mlango. Tanuri la makaa lilihitaji fundi aliyekulia mbele ya moto. Tanuri la gesi unalizungushia kitufe. Mgiriki, Mpuerto Rico, Mwalbania, yeyote mwenye akiba kidogo aliweza kufungua duka. Kwa joto lake la wastani piza iliweza kupashwa tena bila kuharibika, na hivyo ikarudi tena biashara ya kipande kimoja kimoja, ile ya kichochoroni Napoli, safari hii kwenye kona za New York.

Italia yenyewe iliipokea piza kwa njia iyo hiyo ya wahamiaji. Miaka ya 1950 na 1960 mamia ya maelfu ya watu wa kusini walipanda treni kwenda kaskazini kutafuta kazi katika viwanda vya Torino na Milano. Nyumba za kupanga ziliwakataa, watu wa kaskazini waliwaita majina mabaya. Walifungua maduka yao ya piza pembezoni mwa miji hiyo, na taratibu wenyeji wakaingia, wakakaa, wakaagiza. Leo piza huitwa chakula cha taifa la Italia. Imepata hadhi hiyo ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Makampuni yalikuja mwisho. Mwaka 1958 ndugu wawili, Dan na Frank Carney, walikopa dola 600 kwa mama yao wakafungua Pizza Hut mjini Wichita, Kansas. Mwaka 1960 Tom na James Monaghan walinunua duka dogo Ypsilanti, Michigan, ambalo likawa Domino's. James alichoka mapema akamwachia nduguye sehemu yake kwa gari moja la Volkswagen walilokuwa wakipelekea piza. Hawa hawakuvumbua ladha yoyote. Walivumbua utaratibu: unga wa kipimo kimoja, mchuzi mmoja, simu, boksi la kadibodi lisilolegea kwa mvuke, dereva. Domino's iliahidi kufikisha piza ndani ya dakika 30, na ahadi hiyo ikaijenga kampuni. Ikaleta pia ajali. Mwaka 1993 baraza la mahakama huko St. Louis lilimpa fidia ya zaidi ya dola milioni 78 mwanamke aliyegongwa na dereva wa kampuni hiyo, na ahadi ya dakika 30 ikafutwa. Waliokuwa wakikimbizwa barabarani walikuwa vijana wa malipo madogo, na nadhani ilifutwa kwa kuchelewa.

Baada ya hapo piza ilikwenda kila mahali kwa kasi. Moscow ilipata Pizza Hut mwaka 1990, Beijing pia mwaka huohuo, na mwaka 2001 piza ilirushwa hadi kituo cha anga za juu. India, ambako wengi hawali ng'ombe na wengi hawali nyama kabisa, Domino's ilianza mwaka 1996 na sasa ina matawi zaidi ya 1,500 yanayouza piza za jibini ya paneer. Wajapani huipaka mayonezi na kuitia mahindi na ngisi. Waswidi huila na saladi ya kabichi, na wengine huitia ndizi na bizari. São Paulo, mji wenye wajukuu wengi wa Waitalia kuliko miji mingi ya Italia, ina siku yake ya piza, tarehe 10 Julai. Buenos Aires, ambako wahamiaji wengi walitoka Genova, ina piza nene iliyofunikwa kwa vitunguu na jibini.

Halafu kuna ile ya nanasi, inayogombanisha watu mezani. Aliyeitengeneza ni Sam Panopoulos, Mgiriki aliyehamia Kanada mwaka 1954. Meli iliyompeleka ilitia nanga Napoli, na hapo ndipo alipokutana na piza kwa mara ya kwanza. Mwaka 1962, katika mkahawa wake mjini Chatham, jimbo la Ontario, alifungua kopo la nanasi akamwaga juu ya piza aone itakuwaje. Kijana wa Kigiriki, piza ya Kiitalia, tunda la Amerika Kusini, mkahawa wa Kanada. Sioni sababu ya kumlaumu. Alifanya kilekile walichofanya mafukara wa Napoli na nyanya ya kigeni: alitumia kilichokuwa karibu.

Wanapoli, hata hivyo, walikuwa na haki ya kuingiwa na wasiwasi. Mwaka 1984 wapishi wa mji huo waliunda chama cha kuitetea piza halisi ya Napoli, Associazione Verace Pizza Napoletana, na wakaandika masharti. Donge ni la unga, maji, chumvi na hamira basi. Liumuke kwa saa nyingi. Lisisukumwe kwa mti. Litandazwe kwa vidole, hewa ikisukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni, ili ukingo uvimbe. Tanuri liwe la kuni, joto lipite nyuzi 430 za Selsiasi, na piza itoke baada ya sekunde 60 hadi 90, laini kiasi cha kukunjika bila kuvunjika. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliyatambua masharti hayo kisheria.

Chanda chema huvikwa pete, na pete yenyewe ilikuja tarehe 7 Desemba 2017. Katika kikao chake kisiwani Jeju, Korea Kusini, kamati ya UNESCO iliuingiza usanii wa mpishi wa piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, baada ya kampeni iliyokusanya saini za watu wapatao milioni 2. Tazama kilichoandikwa humo. Haikuandikwa piza yenyewe, wala malkia, wala kampuni. Ulioandikwa ni ujuzi wa mikono: kukanda, kutandaza, kuzungusha, kuangalia moto, na kumfundisha kijana anayesimama kando akitazama. Baada ya miaka elfu na ushei tangu hati ya Gaeta, aliyekanda unga ametajwa.

Pwani yetu nayo inahusika, kwa njia mbili zisizofanana. Ya kwanza ni Malindi. Miaka ya 1960 wanasayansi wa Kiitalia wakiongozwa na Luigi Broglio walijenga kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na mwaka 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikarushwa kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini. Mafundi walifuatwa na watalii, watalii wakafuatwa na walowezi wenye hoteli na mikahawa. Ndiyo maana Malindi utakuta matanuri ya piza yanayowashwa na vijana wa Kigiriama na wa Kiswahili wanaozungumza Kiitalia bila kusitasita, ujuzi walioupata kazini, pasipo darasa.

Ya pili ni Forodhani, Unguja, na hii ni hadithi nyingine kabisa. Jua likizama, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al Ajaib, wapishi hupanga madonge ya unga yaliyolowana mafuta. Mpishi hulipiga donge kwa viganja, akalivuta mpaka likawa jembamba la kupenyeza mwanga, akaweka katikati kipande kidogo cha pili cha kulitia nguvu, juu yake nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, jibini, yai, mayonezi. Hukunja pembe nne zikakutana, akakaanga juu ya chuma bapa kwa samli au siagi mpaka pande zote mbili zigeuke rangi ya dhahabu. Watu huiita piza ya Zanzibar. Haina tanuri wala mchuzi wa nyanya. Ukoo wake ni mkate mayai wa Mombasa, na mutabbaq wa Yemen na Hijazi, na martabak za Indonesia na Malaysia: ni chakula cha njia ya majahazi, kilichovaa jina la mgeni. Haina deni kwa Napoli.

Ila inafanana na piza ya Napoli kwa jambo moja zito. Ni kazi ya watu wa barazani na mitaani, imeenea kwa macho na mikono, na wageni wanaipiga picha kila usiku bila kuuliza jina la anayeikaanga. Mji Mkongwe uko katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa majengo yake na historia yake. Wapishi wake hawamo katika orodha yoyote. Baadhi ya waliosimama Forodhani miaka ya mwanzo wangali hai, na wanakumbuka nani alimfundisha nani, nani alitangulia kutia jibini, nani alitangulia kuijaza ndizi. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, waandishi wa habari wa Unguja na Mombasa, nendeni mkawahoji mwaka huu, mrekodi sauti zao na muandike majina yao kamili.